Vitwitwi wa Upande wa Waithera

Duka la Muhiba lipo Mowlem, mkabala na kinyozi. Ukiingia kununua binzari au tende utaona juu ya mzani picha ya ndege mdogo wa kijivu amesimama kwenye tope. Wateja wengi hudhani ni kalenda ya zamani aliyosahau kuitoa. Wachache waliouliza walijuta, maana Muhiba akianza habari za kitwitwi, mchele wako utakaa kwenye mzani hadi usahau ulitaka kilo ngapi.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Babake alitoka Lamu akaja Nairobi kufanya useremala, akaoa na kulea huku huku Eastlands, kwa hiyo Muhiba ana Kiswahili cha kuzungumzia na shangazi zake na kingine cha kuzungumzia na vijana wa kinyozi. Mumewe, Idarusi, alifariki mapema, akamwachia duka na mtoto mmoja wa kiume, Zaki. Mtaani anaitwa Mama Zaki. Aliyemwita Muhi alikuwa mmoja tu, Waithera wa Dandora.

Walijuana shule ya upili, kwenye chama cha wanyamapori, ambacho wasichana wengi walijiunga nacho kwa ajili ya safari tu. Mwaka huo mwalimu aliwapeleka pwani ya kaskazini, kwenye hori la Mikokoni, mahali ambapo bahari huingia ndani ya nchi kama mkono kisha ikajitoa. Walifika maji yakijaa. Ndege waliokuwa wametapakaa kwenye matope walikuwa wakisogezwa na maji, kundi likiruka baada ya kundi, hadi wote wakabanana juu ya fungu la mchanga lililobaki kavu. Waithera hakuwa ameiona bahari maishani mwake. Alishika darubini ya mwalimu akakataa kuiachia.

"Muhi, kuja uone! Ni kama mchanga ndio unatembea!"

Walikuwa vitwitwi. Aina zao ni nyingi, lakini wale waliowateka wasichana hawa ni wenye mdomo mrefu uliopinda kwa chini. Hutaga juu kabisa kaskazini mwa dunia, kwenye nchi ya barafu, na baridi ikianza huko hushuka hadi kwetu. Ndege wenyewe hawazidi sana uzito wa yai la kuku. Hapa hula wakanenepa, na ifikapo Aprili baadhi yao huwa wamevaa kifua chekundu cha rangi ya tofali, tayari kurudi walikotoka.

Siku ile mwalimu aliwaambia neno ambalo Muhiba hulirudia mpaka leo. Alisema ukiwahesabu mara moja hujajua kitu, kwa sababu kuna mwaka mbweha wa kule hula vifaranga karibu wote na kuna mwaka huwaacha. "Hesabu leo, hesabu ukiwa na watoto, hesabu ukiwa na mvi. Hapo ndipo utajua kama wanazidi au wanapungua."

Wasichana wengine walisikia hayo wakayaacha pale pale. Wawili hawa waliyachukua kama nadhiri. Walipomaliza shule walijiunga na chama cha watu wa kujitolea ambao kila Januari huhesabu ndege wa maji sehemu mbalimbali za nchi, nao wakaomba Mikokoni. Waithera alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha sabuni Industrial Area, ng'ambo ya Mukuru kwa Njenga, na likizo yake ya mwaka mzima aliiweka Januari kwa ajili hiyo. Muhiba alifunga duka. Mwaka hata mwaka, wanawake wawili wa Eastlands, mmoja na buibui na mwingine na kofia ya jua ya mumewe, walishuka pwani kwenda kuhesabu ndege ambao majirani zao hawakuwa na haja nao.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yakijaa Mikokoni, ndege hukimbilia mahali pawili, kwenye ufuo wa magharibi, karibu na mwisho wa barabara, na kwenye Fungu la Mbali upande wa mashariki, ambako hufikiki ila kwa kukanyaga tope la mikoko. Lazima pahesabiwe pote wakati mmoja, la sivyo kundi likiruka kutoka huku kwenda kule litahesabiwa mara mbili. Muhiba alichukua magharibi. Waithera, aliyekuwa na miguu ya kupanda milima, alichukua mashariki. Maji yakipwa walikutana barabarani, wamejaa tope, na swali la Muhiba lilikuwa lile lile.

"Wako?"

"Wako, Muhi. Wako wengi."

Kwa hivyo Muhiba hakuwahi kuwaona ndege wa Waithera, wala Waithera wa Muhiba. Isingewezekana bila kuaminiana, na wao waliaminiana hata kwa mambo mazito zaidi ya ndege. Idarusi alipofariki, Waithera alihamia Mowlem matanga yote. Alilala kwenye mkeka na wanawake wa ukoo wa marehemu, akaosha masufuria, akajifunza kumjibu kila aliyeingia kutoa pole. Kiwandani walimkata mshahara, asiseme. Shangazi mmoja wa Lamu aliuliza yule binti wa Kikuyu ni nani. Muhiba akamjibu, "Ni dada yangu, shangazi. Wa baba mwingine na mama mwingine."

Ndege walianza kupungua upande wa magharibi, na Muhiba hakushtuka. Mwaka mmoja si kitu, mwalimu alikwisha kusema. Lakini mwaka uliofuata walipungua tena, na mwingine tena. Sehemu ya ufuo iliyokuwa ikijaa hadi mchanga usionekane ikawa na nafasi katikati ya kundi na kundi, kama mswaki uliong'oka nywele. Alimwambia Waithera barabarani.

Waithera alimshika mkono. "Usiwe na wasiwasi. Wamehamia kwangu. Huku kwangu wameongezeka, hata nilikuwa nataka kukuambia."

Na kweli, jumla ya pande zote mbili ilibaki pale pale. Nuradin, mratibu wa chama aliyekuwa akikusanya hesabu za nchi nzima, aliwaonyesha mchoro wa miaka yote. Mstari wa Mikokoni ulikwenda sawa, ukipanda kidogo na kushuka kidogo. Sehemu nyingine, alisema, kitwitwi huyu alikuwa anashuka vibaya. Joto limeingia kule anakotaga, na matope anakopumzikia njiani yamefukiwa yakajengwa. "Mikokoni ndiyo inayotupa moyo," Nuradin alisema. Muhiba alitoka kwenye mkutano ule akiwa na furaha kama aliyepewa mtoto wa kumpakata.

Hata hivyo kitu kilikuwa kikimkera. Hakuona ndege wakivuka kwenda mashariki. Kama wamehamia, wangepita juu ya kichwa chake maji yalipokuwa yakijaa, walau kundi moja kwa mwaka. Alipolisema hilo, Waithera alimwuliza kama amewahi kupima macho.

"Umri huo umefika, Muhi. Hata mimi siku hizi sindano hainitii."

Waithera mwenyewe ndiye aliyempeleka. Walikwenda Jumamosi mjini, wakakaa kwenye benchi wakila njugu wakingoja zamu. Daktari alisema macho ya mbali ni mazima, ya karibu ndiyo yaliyochoka kidogo, akamwandikia miwani ya kusomea. Muhiba hakuridhika. Aliamini daktari amekosea. Tangu hapo kila Januari alisimama ufuoni akiona mchanga mtupu, akijiambia kwamba ndege wapo ila yeye ndiye haoni. Alianza kuongeza kidogo hesabu yake kichwani, kisha akaipunguza kwa sababu aliona aibu. Usiku alikosa usingizi akihofia kuwa amekuwa mzee kabla ya wakati.

Kisha ikaja habari ya chumvi. Kampuni moja ilitaka kuchimba mabwawa ya chumvi upande wa mashariki wa hori, kukata mikoko na kuzuia maji kwa kuta za udongo. Liliitishwa baraza la wananchi. Wenye mifugo walipinga, wavuvi wakagawanyika, na mtaalamu aliyeajiriwa na kampuni akasimama na karatasi zake akasema hakuna dalili ya ndege kupungua hapo kwa miaka mingi, kwa hiyo eneo lina uwezo wa kustahimili. Mzee mmoja akauliza nani amehesabu. Watu wakageuka wakamtazama Muhiba, ambaye walimzoea kumwona kila mwaka.

Alisimama. Hakuipenda ile kampuni hata kidogo. Lakini aliulizwa swali la kweli, naye aliona ni haramu kuficha jibu kwa sababu tu halimpendezi. Akasema, "Hesabu yetu haionyeshi kupungua. Jumla ni ile ile." Waithera alikuwa ameketi karibu naye. Aliinamisha kichwa akatengeneza kamba ya kiatu. Alikaa ameinama hivyo hadi mtu mwingine akapewa nafasi ya kusema.

Kibali kilitolewa.

Miaka ikapita hadi Januari moja ya hivi karibuni, Eve, binti wa Waithera, alipokuwa karibu kujifungua mimba ya kwanza. Waithera asingeweza kuondoka Nairobi. Alimpigia Muhiba simu.

"Wewe fanya upande wako tu. Wangu nitaenda kuufanya mwezi wa pili."

"Mwezi wa pili haitakuwa sawa na wangu, Wai. Nitakaa siku moja zaidi nikufanyie."

"Usijisumbue. Lile tope litakuua. Na sasa kuna zile kuta za chumvi, hata njia hujui."

"Nitauliza."

"Muhi, achana nayo. Tafadhali."

Muhiba aliona huo ni upendo. Alifikiri rafiki yake anamwonea huruma kwa sababu ya macho.

Alihesabu upande wake siku ya kwanza. Kesho yake aliondoka mapema, akapita kando ya mabwawa ya chumvi, akavua viatu, akakanyaga tope la mikoko iliyosalia akishika mizizi. Alikuwa na shauku. Baada ya miaka yote ile ya kuambiwa "wako", sasa angewaona kwa macho yake. Alijichagulia mahali, akafungua darubini na kungoja maji yajae.

Maji yalijaa. Yalifunika tope, yakafunika majani ya baharini, yakaendelea. Mbele yake palikuwa na maji matupu, ya kijani, yenye mkondo wa nguvu. Akadhani amepotea. Aliona mama mmoja akichunga mbuzi kwenye nyasi za nyuma ya mikoko, akamwendea. Jina lake Halimo, mwanamke mkavu, mwenye shuka la bluu begani.

Waliamkiana. Muhiba akauliza Fungu la Mbali liko wapi.

Halimo alicheka. "Fungu gani, mama? Lile lililiwa na bahari zamani. Kitinda mimba wangu nilikuwa nimembeba mgongoni nikiliona likimeguka. Sasa yuko darasa la sita."

"Hapana," Muhiba alisema. "Mwenzangu huwa anakuja hapa kila mwaka. Anahesabu ndege kwenye hilo fungu."

"Yule mnene wa Nairobi, mwenye kofia ya mwanamume? Namjua sana. Huja, hukaa pale kwangu kivulini tukanywa chai hadi maji yakipwa, kisha huondoka. Goti humsumbua. Mtu mzuri yule, hunijia na sabuni." Halimo akamtazama vizuri. "Lakini darubini sijapata kuona akiitoa mfukoni. Ahesabu nini? Ndege watatua wapi, juu ya maji?"

Halimo aliendelea kumtazama, na uso wake ukabadilika polepole.

"Ni wewe uliyesimama kwenye baraza," alisema. "Wewe ndiwe uliyesema hakuna kilichopungua. Mimi nilikuwepo. Nilisema, huyu mama wa buibui hana sababu ya kudanganya." Akawaita mbuzi wake, akawapeleka upande mwingine wa ukuta wa chumvi, mahali palipobaki na malisho.

Muhiba alishindwa kuondoka. Alikaa kwenye mzizi wa mkoko huku maji yakimlowesha buibui. Hakulia. Alichokuwa akikifanya, alinieleza baadaye mimi jirani yake, ni kurudi nyuma mwaka mmoja mmoja. Kila "wako" aliyoisikia. Kila mara walipokumbatiana barabarani. Lile benchi la daktari na zile njugu. Ile kamba ya kiatu.

Alirudi Nairobi akakuta Eve amejifungua mtoto wa kike. Desturi haina subira. Ilimbidi aende Dandora kumwona mtoto, tena kwa mkono usio mtupu. Alinunua kanga na mafuta ya mtoto. Nyumba ilijaa wanawake wa kanisani, uji ulikuwa jikoni, na Waithera alimpokea mlangoni kwa vigelegele.

"Nyanya mwenzangu amefika! Muhi, sasa? Kuja umshike."

Muhiba alimshika mtoto. Alimwombea dua, akamsifu, akanywa uji. Wanawake walipoanza kuimba aliinuka, akamwambia Waithera kwa sauti ya kawaida, "Mama Eve, nisindikize."

Waithera alisimama ghafla. Hakuwa amewahi kuitwa hivyo na Muhiba tangu Eve azaliwe.

Walisimama nje, kwenye ua wa pamoja, katikati ya nguo zilizoanikwa. Muhiba alisema, "Nimekwenda upande wako."

Waithera alishika kamba ya nguo. Akasema, "Nilikuambia usiende."

"Ndilo jibu lako?"

"Mara ya kwanza ilikuwa goti, haki ya Mungu. Nilifika kwenye tope nikashindwa. Nikasema, mwaka jana walikuwa kiasi fulani, nitaandika hicho hicho, mwaka ujao nitatembea. Mwaka uliofuata nikaenda, nikakuta fungu linaisha. Ningesema nini?"

"Ungesema fungu linaisha."

"Ulikuwa unanisubiri pale barabarani na ule uso wako, Muhi. Ndege wako wameisha, mume amekufa, Zaki anakuhangaisha. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yako tu. Singeweza kukuambia hawako."

"Usinitwike," Muhiba alisema. "Usiseme ulifanya kwa ajili yangu. Mimi nilikuambia wanapungua, ukanipeleka kwa daktari. Wai, ulinikalisha kwa daktari wa macho!" Jina la zamani lilimtoka bila kukusudia, akakasirika zaidi. "Miaka yote hii nimekuwa nikijiona kipofu. Wewe ulijua naona."

Waithera alianza kulia. Alisema kama angesema kweli wangemtoa Mikokoni, wangempeleka mtu mwenye magoti mazima, na ile wiki moja ya mwaka ndiyo pekee ambayo yeye hakuwa mtu wa mashine ya sabuni wala mke wa mtu anayemfokea. Alisema safari bila Muhi isingekuwa safari.

"Na baraza?" Muhiba aliuliza. "Nilisimama nikasema mbele ya watu. Ulikuwa pembeni yangu. Ungenivuta buibui tu. Ningekaa."

Eve alitokea mlangoni akiuliza kama mama yuko sawa. Muhiba akamwambia, "Mama yako amefurahi, mwanangu. Machozi ya furaha," akaenda zake. Huo, alisema, ndio uongo pekee alioutoa kuhusu jambo lile, na aliutoa kwa sababu ya mzazi aliyetoka kujifungua.

Muhiba alimpasha Nuradin habari, naye akaja dukani Mowlem kusikia mwenyewe. Ni mtu mwenye adabu. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkata. Kisha akaeleza litakalofanyika. Kwa kuwa hakuna ajuaye Waithera alianza mwaka gani hasa, hesabu zake zote za mashariki zitafutwa, za uongo na zile za kweli za ujanani. Jumla ya Mikokoni haitakuwepo tena. Alitoa tarakilishi yake, akafuta upande wa mashariki, mchoro ukabaki na mstari wa Muhiba peke yake. Ulishuka. Haukushuka siku moja; ulishuka kama ngazi za jengo refu, ukatulia kidogo, ukashuka tena, kuanzia miaka ile ile aliyoanza kulalamika hadi mwaka huu.

"Ndivyo ilivyokuwa kwingine kote," Nuradin alisema polepole. "Tungekuwa na mstari huu wakati wa baraza, Mama Zaki..."

"Mlikuwa nao," Muhiba alisema. "Niliwaambia."

"Ulituambia. Lakini jumla ilikuwa sawa, na jumla ndiyo tuliyoitazama."

Muhiba alimpa chai. Hakuwa na hasira na Nuradin, au labda hasira ilikuwa imekwisha.

Yaliyofuata sisi majirani tuliyaona wenyewe. Habari ilienea kwa namna yake, na ilipofika Mowlem ilikuwa imegeuka: Mama Zaki amemchongea rafiki yake wa tangu shule, amemfanya afukuzwe chamani, kisa ndege. Wanawake wa kanisa la Waithera waliokuwa wakinunua viungo kwa Muhiba waliacha kuja. Mwanawe mwenyewe, Zaki, alikuja Ijumaa akamwambia, "Mama, ni vindege tu. Huyu mtu alilala kwenye mkeka baba alipofariki." Muhiba alimwambia anajua vizuri zaidi yake nani alilala kwenye mkeka, ndiyo maana hawezi kula. Alikuwa amekonda kweli.

Waithera alikuja dukani mara moja, miezi baadaye. Nilikuwepo, nanunua iliki. Aliingia akichechemea, akasimama nyuma yangu. Zamu yake ilipofika Muhiba alimwuliza, "Nikusaidie na nini, Mama Eve?" kama anavyomwuliza mtu yeyote.

"Nimekuja tuongee."

"Nakusikia."

Waithera alitutazama sisi wengine, akashindwa kuanza. Mwishowe alisema, "Ningefanya nini ili uniachie hili?"

Muhiba alifikiri. Nilimwona akifikiri kwa dhati. "Nenda kwa Halimo," alisema. "Mweleze ni kwa nini nilisema vile barazani. Mwambie sikujua. Mimi nikimwambia hataniamini."

"Na nikienda?"

"Ukienda utakuwa umekwenda."

Waithera aliitikia kwa kichwa kuwa amesikia. Alinunua mdalasini ambao sidhani alikuwa na haja nao, akatoka. Sijui kama alikwenda. Muhiba naye hajui, na hajauliza.

Januari iliyofuata tulidhani ataacha. Alifunga duka kama kawaida akashuka pwani. Chama kilimpa mwenzi mpya, Nzivo, muuguzi mstaafu wa Umoja, bwana mpole, mwenye macho makali na mwendo wa askari. Ndege wachache waliosalia upande wa mashariki walikuwa wameanza kutua kwenye ukuta wa chumvi maji yanapojaa, na Nzivo alitumwa huko. Muhiba alikataa. Alisema wote wawili watahesabu magharibi siku ya kwanza na mashariki siku ya pili, wakisimama bega kwa bega. Nzivo alimkumbusha kwa upole kwamba ndege wataweza kuvuka kati ya siku hizo, hesabu haitakuwa safi. Muhiba alijibu kwamba ni heri hesabu chafu aliyoiona.

Siku ya pili waliwahesabu vitwitwi wa ukutani. Nzivo alimaliza kwanza, akataja idadi. Muhiba akamwambia arudie. Akarudia, ilikuwa ile ile. Muhiba akaomba darubini yake, akahesabu kwa kutumia hiyo badala ya yake, midomo ikichezacheza, na Nzivo akasimama kando mikono nyuma, jua likimchoma shingo.

"Mama," alisema mwishowe, "mimi sijakukosea kitu."

"Najua, baba," Muhiba alisema, jicho likiwa bado kwenye darubini. "Naomba tuanze tena kutoka kule mwisho."